Ukiona Vyaruka, Vimechajiwa

(Maandishi ya mazungumzo yetu ya redio ya wiki hii)

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Msemo huo ni wa watu wa pwani, waliokuwa wakiona jahazi likikata maji nao wakamkumbuka fundi aliyekesha na tezo na misumari. Leo nakuomba unifuate mbali na pwani, mpaka Ifakara na bonde la Kilombero, nikusimulie habari ya chombo kisichoelea bali kuruka. Ni ndege ndogo isiyo na rubani, ile ambayo vijana wetu wanaiita droni. Nilijifunza kwake jambo ambalo nadhani linatuhusu sote, hata sisi tunaoishi mjini na ambao hatutakaa tuirushe.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba 2023. Nilikuwa Ifakara kutafuta habari za kilimo cha mpunga, nikakutana gesti na vijana wanne wapima ramani. Kundi lao sitalitaja, maana yaliyotokea siku ile hayakuwa kosa lao peke yao, kama utakavyosikia. Kazi waliyotumwa ilikuwa ya maana: kupiga picha kutoka angani juu ya kijiji kimoja ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, ili ijulikane maji yamesimama wapi, na kwa hiyo mbu wanazaliana wapi. Eneo lenyewe lilikuwa kama hekta 360, na muda waliopewa siku moja na nusu. Gari lao lilikuwa limeharibika njiani. Mimi nilikuwa na gari la kazini, tena nilitaka kuiona ndege hiyo ikiruka. Nikawaambia, pandeni.

Kabla sijaendelea, nikueleze kwa nini kazi ile ilikuwa ya haraka. Ifakara si mji mgeni kwa habari za mbu. Maabara ndogo ya utafiti iliyoanzishwa pale na Waswisi mwaka 1957 ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, na bonde lile limechunguzwa kwa habari ya malaria kuliko sehemu nyingi za Afrika. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba mbu anayeambukiza malaria kwa wingi zaidi katika bonde hilo ni yule ambaye wataalamu humwita Anopheles funestus. Huyu hana haja na kila dimbwi la mvua, bali hupenda maji yanayodumu. Utafiti wa Ifakara uliochapishwa mwaka 2020 ulimkuta zaidi katika vidimbwi vinavyolishwa na chemchemi, mabwawa ya wastani, na vijito vyenye maji yaendayo polepole.

Unaona maana yake, msikilizaji? Wakati wa kiangazi, majaruba yakiwa yamekauka, mazalia yake huwa machache, hayahami, na yanaweza kupatikana. Ukiyajua unaweza kuyatia dawa ya kuua viluwiluwi, hii inayotengenezwa kwetu hapa hapa Kibaha. Lakini mvua zikianza bonde zima linameta maji, na kutafuta chemchemi ndani ya maji ni sawa na kutafuta sindano kwenye rundo la pumba. Kwa hiyo Oktoba ndiyo saa ya kumi na moja. Ukiikosa, unangoja mwaka mzima.

Basi tukavuka Daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018. Kila nikivuka pale nakumbuka kivuko kilichopinduka kwenye mto ule Januari 2016, nami huwa nashukuru kimoyomoyo. Saa tatu asubuhi tulikuwa kijijini. Vibali vyote walikuwa navyo, cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na barua ya wilaya, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa amewatangazia wananchi wasishtuke. Watoto walijaa. Wazee wa Kindamba na Kipogoro waliketi kwenye magogo chini ya mwembe. Ndege ikanguruma kama kundi la nyuki, ikapanda, ikawa kidoa, ikapotea upande wa mashamba. Dakika 20 baadaye ikarudi yenyewe na kutua kwa adabu. Watu wakapiga makofi.

Wale vijana walikuwa na betri 4, zilizochajiwa gesti usiku kucha. Kila betri inarusha ndege kwa dakika kama 20, na kwa dakika hizo inapiga picha hekta kama 30. Kiasi hicho si cha kubuni. Watafiti waliofanya kazi ya namna hiyo katika mashamba ya mpunga ya Zanzibar, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017, walipata hesabu hiyo hiyo: kuruka mara moja, dakika 20, hekta 30. Gawanya sasa hekta 360 kwa 30. Zinahitajika safari 12, na betri ni 4. Saa tano kasoro betri zote 4 zilikuwa tupu, na theluthi mbili za kijiji hazijaguswa.

Ndege ikalazwa kwenye mkeka. Mzee mmoja akauliza, "Imekufa?"

Kijana akajibu, "Hapana mzee, imeishiwa chaji."

Mzee akatoa simu yake mfukoni, akaitazama, akasema, "Basi ni ndugu wa hii."

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini kuanzia hapo kicheko kilianza kupungua.

Vijana walikuwa wamejiandaa kwa jenereta ndogo ya kuazima, ile ya kuchanganya petroli na oili. Wakaivuta kamba, ikawaka kwa kelele na moshi. Wakachomeka chaja 2. Sasa jenereta za aina hiyo hazitoi umeme uliotulia. Unapanda na kushuka kadiri injini inavyohema. Taa ya kibandani haijali, huwaka ikififia na kung'aa, basi. Lakini chaja za vyombo hivi ni nyepesi wa kukasirika. Taa zake zikawa nyekundu, mara kijani, mara nyekundu, kisha tukasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Chaja moja ikawa imekwenda. Jenereta ikazimwa haraka kabla ya kuimaliza na ya pili.

Pembeni ya mwembe palikuwa na kibanda cha mama mmoja anayechaji simu za wanakijiji kwa paneli ya sola. Mmoja wa vijana akamfuata. "Shikamoo mama, tunaomba utuchajie."

"Marahaba mwanangu. Inakula kiasi gani?"

Kijana akasitasita. Akasema ni betri ya kawaida tu, ya kisasa.

Mama akamwambia, "Siulizi ni ya kisasa au ya zamani. Mimi nachaji simu 20 kwa siku, vitochi. Hiyo yako inakula simu ngapi?"

Ndugu msikilizaji, hilo ndilo lilikuwa swali la kitaalamu kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na hakuna hata mmoja kati yetu tuliotoka mjini, na diploma zetu, aliyekuwa na jibu. Wakageuza betri, wakasoma maandishi madogo, wakapiga hesabu kwenye kishikwambi. Ilikuwa betri ya volti 15 na ushei, ampea-saa karibu 6. Zidisha moja kwa nyingine unapata wati-saa 89. Ongeza kinachopotea njiani kwenye chaja, ambacho unakisikia kwa mkono kama joto, na unahitaji kama wati-saa 105 kuijaza. Kitochi kimoja kinahitaji wati-saa 4 au 5 hivi. Betri moja ya ndege ile, basi, ilikuwa sawa na vitochi 20 na kidogo.

Mama akasema, "Basi ndiyo siku yangu nzima. Na simu za watu nitawajibu nini?" Akatuonyesha daftari lake la shule, jina la kila mwenye simu na saa aliyoileta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huyu mama alikuwa na daftari, na aliujua umeme wake kama mama wa nyumbani anavyoujua unga wake. Hakutunyima kwa ubaya. Alitunyima kwa hesabu.

Hapo ndipo mimi nilipotoa ufunguo wa gari. Namshukuru Mungu redio haina picha, maana ningeona haya. Nilisema, gari lina betri kubwa, chukueni umeme humo. Dereva wangu alinitazama tu, akanyamaza. Wakafungua boneti, wakabana nyaya, wakaunganisha inveta, kile kidude kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Ili tusichome dizeli bure, nikasema injini izimwe. Chaja iliyobaki ikawaka kijani. Tukaona tumeokoka.

Chaja moja hujaza betri moja kwa saa moja na zaidi. Kuruka dakika 20, kula saa nzima. Tulianza saa sita mchana. Ilipofika saa kumi jioni betri 3 zilikuwa zimejaa, na ya nne ilikuwa nusu pale inveta ilipoanza kulia kama kifaranga. Wakarusha mara 3, wakimbizane na jua. Safari 7 kati ya 12 zikakamilika. Zilibaki 5, nazo zilikuwa za upande wa chini ya kilima, kwenye chemchemi. Naam, upande ule ule uliokuwa unatafutwa.

Saa kumi na mbili tukaingia garini. Dereva akageuza ufunguo. Gari likasema "kite", likanyamaza. Wanakijiji walewale waliotupigia makofi asubuhi sasa walitusukuma kwenye mchanga, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishowe ilikuja pawatila iliyotoka kuvuta magunia, ikatuburuta mpaka gari likakohoa na kuwaka. Ndege ya kisasa kutoka ng'ambo, na gari la waandishi wa habari, vyote viliokolewa na pawatila ya mkulima. Tulifika Ifakara saa tatu usiku, na mbu walikwisha kututoza ushuru. Kesho yake gari lilitakiwa mahali pengine, vijana hawakuwa na usafiri, na nusu siku yao ikaisha kwa kutafuta chaja ya kununua.

Nilipofika nyumbani nilichukua karamu na karatasi, nikaifanya ile hesabu ambayo ningeifanya kabla ya kutoa ufunguo. Betri ya gari la namna yetu ni volti 12, ampea-saa 60. Kwenye karatasi ni wati-saa 720. Lakini betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kuamsha injini basi. Ukiishusha chini ya nusu unaiumiza, na injini haiamki. Kwa hiyo cha kutumia ni kama 360, na inveta nayo inachukua ushuru wake. Unabaki na 300 hivi. Gawanya kwa 105. Ni betri 2, ya tatu kwa shida. Sisi tulijaza 3 na nusu. Gari halikutusaliti, ndugu msikilizaji. Lilifanya hesabu tuliyokataa kuifanya sisi.

Wale vijana walipanga kurudi mwishoni mwa Novemba. Lakini unakumbuka mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023. Zilikuja, na bonde likajaa. Walirudi wakapiga picha zile safari 5, na picha zikaonyesha maji kila mahali, kama kioo kilichovunjika. Chemchemi iko wapi na jaruba liko wapi, hakuna aliyeweza kusema. Halafu masika ya 2024 yakaja na mafuriko yaliyohamisha watu huko Kilombero na Malinyi. Kazi ya siku moja na nusu ikawa imelala kwa karibu mwaka mzima, kwa sababu ya umeme ambao kwa jumla yake haufiki hata kile kinacholiwa na pasi ya nguo kwa saa moja.

Niruhusu nikaze neno hapo. Bonde la Kilombero si maskini wa umeme. Mitambo ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975, ina uwezo wa megawati 204. Kihansi, ule uliotuletea sifa ya chura duniani, una megawati 180. Na maji ya mto Kilombero yakitoka pale yanakwenda kuungana na Rufiji, kusukuma mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Nyaya kubwa zinapita juu ya milima kuja kutuwashia friji na feni sisi wa Dar es Salaam. Nguzo za umeme vijijini nazo zimefika sehemu nyingi, hilo tusilikatae. Lakini kazi za namna hii hazifanyiki kwenye nguzo. Zinafanyika mahali nguzo zinapoishia, katikati ya majaruba, kando ya mto, na huko mwenye umeme ni yule aliyeubeba.

Na kuubeba kunawezekana. Hili sikulipata kitabuni, niliona kwa macho yangu Septemba 2024, vijana walipoamua kurudi na mimi nikaomba kufuatana nao, safari hii kwa gari lao. Walikuja na sanduku lenye mpini, zito kama debe la mahindi kasoro kidogo. Ndani yake mna betri kubwa ya lithiamu na inveta yake, umeme umetulia kama wa ukutani. Uwezo wake wati-saa 1,000. Ukitoa kinachopotea unabaki na kama 850, na hizo zinajaza betri za ndege mara 8. Nne walizozichaji gesti, nane za sandukuni, jumla 12. Hesabu imekamilika kabla gari halijawashwa.

Walikuwa na paneli ya sola ya wati 100 pia, lakini safari hii hawakuitegemea, waliiweka kama akiba. Walikuwa wamejua kwamba paneli ya wati 100 haitoi 100 kwa sababu imeandikwa 100. Kwenye joto na vumbi la kijijini ukipata 70 umeshukuru, na jua zuri ni saa 5 tu kwa siku. Hiyo ni wati-saa 350, betri 3 za ndege, na wingu likipita zinakuwa 2. Sola ni rafiki mwema, lakini ni rafiki wa subira. Jenereta nayo hawakuitupa. Walipata ile yenye inveta ndani yake, umeme wake haurukiruki, wakaiacha kwenye gari kwa siku ya dharura.

Kuna mambo mengine waliyojifunza kwa kuumia, nami nayapitisha kwako kwa sababu hata betri ya simu yako au ya pikipiki ya umeme ni ya ukoo huo huo. Betri ikitoka angani ni ya moto. Ikizidi nyuzi joto 40 haitakiwi kuchajiwa, na nyingi zenyewe hukataa. Kwa hiyo unaiweka kivulini ipoe taratibu, si kwenye gari lililofungwa vioo, wala kwenye barafu ambako itapata unyevu. Chaji huiweki ndani ya kibanda cha nyasi wala karibu na waliolala. Unaiweka nje, juu ya udongo, na ndoo ya mchanga karibu, maana betri ya lithiamu ikiwaka haizimwi kwa kanga. Betri iliyovimba haitumiki tena, hata ukiipenda vipi. Na ukimaliza kazi usiihifadhi ikiwa imejaa wala ikiwa tupu, iache katikati. Kwa wanaosafiri kwa ndege za abiria, betri ndogo zisizozidi wati-saa 100 unaingia nazo mkononi, lakini lile sanduku la 1,000 halipandi ndege ya abiria kabisa. Litakwenda kwa barabara, na hilo lipangwe mapema.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote lilikuwa jingine. Tulipofika chini ya mwembe ule ule, vijana hawakuanza kufungua mizigo. Walikwenda kwanza kwenye kibanda cha yule mama. Wakamwamkia, wakamwambia, "Mama, safari hii inakula simu 21, na chakula chake tumekuja nacho. Tunaomba utusimamie." Wakakubaliana malipo ya siku 2. Mama akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika betri ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, saa iliyoingia, saa iliyotoka. Mara 2 aliwazuia kuchomeka betri iliyokuwa bado na joto. Mara moja alimfokea kijana aliyeweka chaja juani. Alikuwa hajui neno la Kiingereza katika kile kitabu cha maelekezo, lakini kazi aliijua.

Safari zote 12 zilikamilika kabla ya saa saba mchana siku ya pili. Picha zikaonyesha chini ya kilima vidimbwi kadhaa vya maji ya kudumu, kimoja nyuma tu ya nyumba za watu. Yule mama alipoonyeshwa picha kwenye kishikwambi alikitambua mara moja, akakitaja kwa jina la Kipogoro. Ni pale walipokuwa wakichota maji ya kufinyangia. Ramani ikakabidhiwa serikali ya kijiji. Sitakudanganya kwamba malaria imekwisha pale. Ramani si dawa. Dawa lazima itiwe, tena na tena, na vyandarua viendelee kufungwa. Lakini sasa angalau mtu akipewa dawa anajua aelekee wapi.

Kwa nini nimekuchosha na hesabu za wati na betri, wewe uliyeko Kariakoo au Mwanjelwa? Kwa sababu mambo haya yanakuja kwa kasi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kupigwa picha visiwa vyake vizima kwa ndege ndogo, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa miongoni mwa warushaji. Mwaka 2019 huko huko ilijaribiwa ndege kubwa ya kunyunyiza dawa ya viluwiluwi kwenye mashamba ya mpunga. Ndege ya aina hiyo betri yake moja ni wati-saa zaidi ya 530, mara 6 ya hizi nilizokueleza, na ikiwa imebeba dawa kamili inakaa hewani dakika kama 10 tu. Mama yetu angesema inakula vitochi zaidi ya 100 kwa mlo mmoja. Siku ndege hizo zitakapoletwa Kilombero, na yamkini zitaletwa, kutakuwa na sherehe, hotuba na kukata utepe. Nami nitapenda kusikia mtu mmoja akisimama kuuliza: inakula kiasi gani, na nani amebeba chakula chake?

Maana sisi tuna historia yetu, ndugu zangu. Tumewahi kuona friji za chanjo zikigeuzwa makabati ya mafaili kwa kukosa mafuta ya taa. Tumeona pampu za maji zilizozinduliwa kwa ngoma zikinyamaza mwezi wa tatu kwa kukosa dizeli, na matrekta yakiota majani. Kila mara tulisema mashine ni mbovu, au wanakijiji hawajui kutunza. Mara nyingi mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa na njaa. Anayenunua ng'ombe huuliza malisho kabla ya kuuliza bei. Kwa nini tukinunua mashine tunauliza rangi na kasi tu?

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga bajeti, wawe wa serikali, wa mashirika au wa vyuo, ni dogo. Kwenye karatasi mnapoandika ndege 1, muandike chini yake betri ngapi, chaja ngapi, umeme utatoka wapi siku isiyo na jua, na nani wa pale kijijini atalipwa kuusimamia. Kama mstari huo haupo, msinunue bado. Na kwa vijana wetu mafundi, ambao kwa kweli najivunia kuwaona, ombi langu ni hili: mkifika kijijini, kabla ya kumtafuta mwenye nguzo, mtafuteni yule mwenye kibanda cha kuchaji simu. Mwamkieni, kisha mjibuni swali lake.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami, kwa ruhusa yao, nasema ukiona vyaruka, vimechajiwa. Na aliyechaji tumkumbuke pia.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwaheri.